Kiazi cha Mtoto wa Ng'washi

Basi la Mbeya lilipoacha Makambako, Ng'washi alikinga kiganja mdomoni mwa mwanawe wa miezi minane akamnywesha uji, kama alivyonyweshwa yeye utotoni. Mtoto aligeuza uso akalia.

"Mpe kiazi ashike mwenyewe, mwanangu," alisema Mama Evarista aliyeketi naye. "Vidole vinajifunza, taya zinajifunza, na akishiba anajua."

"Kanga utanifulia wewe, mama?"

"Kwani ulizaa kanga?"

Nyuma yao Budeba alisikiliza. Alikuwa akirudi machimboni Makongolosi. Alikuwa amemwacha binti yake mchanga, Roza, nyumbani Mlandege, naye bado akinyweshwa kwa kiganja. Akirudi Krismasi atamkuta anakula mwenyewe, na hiyo siku yake ya kwanza ya kula atasimuliwa tu.

Ng'washi alitoa kiazi cha kuchemsha kikapuni, akamega, akampa shingo upande. Mtoto alikipeleka sikioni, kisha puani.

"Mwanao anakula kwa sikio, mama," alitania abiria mmoja.

"Mwache, anatafuta njia," alijibu Mama Evarista.

Abiria walicheka. Budeba hakucheka; alikuwa amefumbua mdomo wake mwenyewe, akimngoja mtoto ale.

Basi likasimama Chimala. Ng'washi akashuka na mtoto, kiazi kikiwa kimefika kidevuni. Budeba alishusha kioo upesi aone kikifika mdomoni, akaona mgongo wa Ng'washi tu.