Veronika wa Kinole na Jina Lililobaki Kwenye Chupa

Baba Paroko, ndugu, majirani, nanyi mliopanda mlima huu kutoka mjini, poleni kwa safari. Mimi ni Andrea, kaka yake marehemu. Ukoo umenituma nieleze maisha yake, nami nitayaeleza kama yalivyokuwa.

Dada yetu Veronika alizaliwa hapa Kinole tarehe 14 Machi 1961, akabatizwa Pasaka ya mwaka huo. Alisoma hapahapa, akamaliza darasa la saba mwaka 1975. Kazi ya kuonja alifundishwa na bibi yetu, aliyekuwa akipika pombe ya mtama. Siku moja, angali mdogo, alimshika mkono mzee mmoja aliyekuwa ameshainua kibuyu. "Shikamoo babu. Hiyo usinywe, bado inachacha." Mzee akanusa, akakiweka chini, akacheka mpaka akakohoa.

Alifunga ndoa na Ezekiel tarehe 22 Agosti 1981. Walilima mdalasini na ndizi, wakajaliwa Irene na Emmanuel. Ezekiel alipofariki mwaka 2009, dada alilea watoto kwa bia yake ya kimea cha mtama na mdalasini. Watu wakaipenda. Wenye baa wa Dumila wakawa wanaitaka kuliko mapipa yake yalivyoweza kutoa.

Basi mwaka 2016 akaelewana na kiwanda kimoja kidogo cha bia cha Kihonda, cha Bwana Erick, kilichokuwa na matangi yamekaa bure. Yeye akodi matangi, wao wampikie na kuuza, kwa kimea chake, mapishi yake, jina lake na sura yake kwenye chupa. Ilikuwa njia nzuri, sitaisema vibaya. Bia ilifika Dodoma, na dada hakununua hata tangi moja. Sharti lake lilikuwa chupa zisifungwe kabla hajaonja. Kila tangi likiiva alishuka mlimani, akaonja, akarudi.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua, akashindwa kushuka. Mkataba ulisema aonje. Haukusema asipoweza iweje. Ndugu zangu, hapo ndipo wenye kiwanda walipopata mwanya. Waliacha kimea, wakatia sukari na ladha ya kununua dukani, wakaendelea kubandika sura ya dada yangu. Watu wakamtukana yeye. Mwanamke mgonjwa, kitandani, anapigiwa simu na mwenye baa kuambiwa ameanza wizi uzeeni.

Alimwita Erick, akamwomba atoe jina lake. Nilikuwepo. Erick akasema, "Bibi, jina lako ndilo linalouza. Tukilitoa tutauza nini?" Dada akamjibu, "Uza la kwako, mjukuu wangu." Erick akacheka, akaaga. Aliomba tena mwaka jana, akaomba tena Pasaka hii. Alifariki hospitalini mjini Morogoro, Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, jina likiwa bado kwenye chupa.

Juzi kiwanda kilituma kreti za bia hiyo zije kunywewa msibani. Hapa msibani kwake. Mtani wetu Pazi alifungua chupa moja, akaonja, akatema. "Huyu siye Veronika. Veronika alikuwa mkali, akikutazama unaomba radhi. Haya ni maji ya kusukutulia. Ninyi wafiwa mmeletewa maiti mwingine, mrudisheni kwao." Tulicheka, maana mtani ana haki yake, kisha tukazipakia kreti zote kwenye gari lililozileta. Leo mtakunywa aliyopika Irene kwa kimea alichokiotesha mwenyewe. Ni kidogo, mgawane.

Ameacha watoto wawili, Irene na Emmanuel, wajukuu watano, mimi kaka yake, na dada yetu Grace.

Bwana Erick, nimeambiwa umekuja, na umepewa kiti. Kaa, ule, hakuna atakayekugusa. Ila tukishamzika tutakufuata Kihonda, ukoo mzima, wanawake mbele, na hatutaondoka mlangoni kwako mpaka karatasi ya mwisho yenye sura yake ibanduliwe.

Mungu ampumzishe Veronika, na jina lake liachwe lipumzike naye.