Alama ya Upinde Chini ya Kigoda

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijasema lolote, tazameni mmekalia nini. Kiti? Gunia? Sanduku la chai? Nyinyi mliosimama nje ya ukumbi mkisikiliza redio kupitia dirisha, poleni. Nawajua, mmechelewa kama kawaida yenu. Mimi hapa nimekalia kiti cha ofisi chenye mguu mmoja mgonjwa. Nikicheka sana, naanguka. Basi leo sitacheka sana. Leo tunamkumbuka mtu aliyetukalisha wengi.

Jina lake Philip Nzioka. Mchonga vigoda. Philip Nzioka, mchonga vigoda wa Thika, na baadaye wa Thika na Ruiru. Alifariki wiki iliyopita kwa maradhi ya kifua, akazikwa kwao Yatta. Ameacha mke, Kamene, na watoto.

Kigoda cha Nzioka ungekitambua popote. Gogo moja, miguu mitatu, hakuna msumari. Juu, pale pa kukalia, waya mwembamba wa shaba umezamishwa ndani ya mti, ukizunguka na kuzunguka kama ganda la konokono. Kwao, mzee ana kigoda chake mwenyewe. Hakiazimwi. Mtoto akikikalia, anainuliwa kwa sikio.

Kazi hiyo alifundishwa na baba yake mdogo, Mzee Nzau. Baba mzazi alikufa Nzioka akiwa mdogo, Nzau akamlea. Akampa tezo ya kuchongea. Akampa pia mzinga wake wa kwanza wa nyuki, na siku ya kuutundika akapasha chuma moto, akauchoma alama ya ukoo: upinde mdogo wenye nukta mbili. Naomba mshike hilo, maana ndiyo hadithi yenyewe. Upinde na nukta mbili. Mzinga wenye alama hiyo ni wa ukoo. Mtu wa ukoo akipita njaa imembana, anapanda, anakula asali, anashuka, anaenda zake. Haombi. Haaibiki. Ndiyo kazi ya alama.

Nzioka alipokua alikuja Thika, akaandikwa kiwanda cha ngozi. Jioni alichonga. Na alichonga bure! Jirani akisema, "Nzioka, mkwe wangu anakuja," tayari, kigoda. Malipo yalikuwa ahadi. Mara chache yalikuwa kuku, na kuku mwenyewe alikuwa anakohoa.

Mkewe Kamene aliniambia, "Watu wote wa mtaa walikuwa wamekaa. Sisi peke yetu tulikuwa tunakula tumechuchumaa."

Ndipo akaingia Barasa. Barasa ni mtu wa magharibi, Mluhya, karani wa stoo pale kiwandani. Anahesabu kila kitu, hata ngazi za kanisa. Jumapili moja alikuja kwa Nzioka akaona vigoda sita vimepangwa mlangoni.

"Hivi ni vya nani?"

"Vya watu."

"Wamelipa?"

"Watalipa."

"Waya umenunua kwa pesa ya nani?"

Kamene akajibu kutoka jikoni, "Kwa pesa ya unga!"

Barasa akakaa chini, akamwambia, "Bwana Nzioka, wewe si fundi. Wewe ni misheni."

Siku hiyo kazi ya mikono ikaanza kuwa biashara. Barasa alileta mikebe mitatu mitupu ya maziwa ya unga, na sanduku la kuifungia. Mkebe wa kwanza, mti na waya. Wa pili, kodi ya kibanda. Wa tatu, mshahara wa Nzioka mwenyewe, na ufunguo wa sanduku akapewa Kamene. Sheria ilikuwa moja: mkebe haukopi kwa mwenzake. Anayetaka kigoda atangulize arbuni. Bei ni moja, kwa mzungu, kwa mkwe, kwa kasisi. Nzioka aliona haya kutaja bei. Barasa akamfanyisha mazoezi nyuma ya kibanda kama mtoto anayejifunza salamu: "Shilingi sita. Sema. Shilingi sita. Usitazame chini!"

Wasikilizaji wapendwa, ilifanya kazi. Mwaka haujaisha, Nzioka aliacha kiwanda. Akaajiri mafundi wawili. Akafungua kibanda cha pili Ruiru, kando ya barabara kuu, mahali magari ya Nairobi yanapopunguza mwendo. Watoto wakavaa viatu. Kamene akakaa.

Likabaki jambo moja. Barasa akasema, "Sabuni ina chapa. Chumvi ina chapa. Hata kiberiti kina chapa. Vigoda vyako havina jina. Kesho mtu mwingine atachonga kibaya aseme ni chako."

Nzioka alifikiri. Alama aliyoijua maishani mwake ilikuwa moja tu. Akapasha chuma moto, akageuza kigoda, akachoma upinde wenye nukta mbili.

Barasa hakujua. Kwao hakuna upinde huo. Kwake ulikuwa mchoro mzuri tu. Nzioka alijua. Kamene anasema alimwuliza jioni ile, "Hiyo si ya mizinga?" Nzioka akamjibu, "Kigoda si mzinga. Nani atalamba kigoda?"

Wakacheka. Mimi pia niliposimuliwa nilicheka, na kiti hiki kikaniyumbisha.

Watu wakaanza kuulizia "kigoda cha upinde". Mauzo yakapanda. Halafu siku moja akaja kijana wa ukoo, Mwanzia, kibarua wa shamba la mkonge. Akasalimia. Akageuza kigoda kimoja chini juu, akaona alama, uso ukamng'aa. "Asante, ndugu yangu! Nilikuwa natafuta pa kukaa." Akakitia kwapani, akaenda zake.

Nzioka alimtazama akienda. Angesema nini? Alama si ile?

Juma lililofuata wakaja wawili. Mwezi uliofuata, mama mmoja na mabinti zake, wakachagua rangi. Hakuna aliyeiba, wasikilizaji. Hakuna hata mmoja aliyedhani anaiba. Walikuwa wanapita, wakaona mzinga wao. Lakini mkebe wa mti na waya ulilia mtupu, na mafundi wakangoja mshahara.

"Wafukuze!" Barasa akasema.

"Siwezi."

"Basi futa hiyo alama."

"Wateja wanaitaka hiyo hiyo."

Hapo ndipo pangehitaji moyo mgumu kidogo. Angeweza kuwakusanya watu wa ukoo, awakalishe, na vigoda vilikuwepo vya kutosha, awaambie: nimekosea, nimeweka alama mahali pasipo pake. Aliona haya. Akachagua njia isiyomlazimu kumtazama mtu usoni. Akaenda kwa askari wa soko la Ruiru, akamwambia, "Yeyote akichukua kigoda bila kulipa, mkamate." Hakutaja jina.

Sasa ikaja Jumamosi moja ya mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na tano. Ruiru. Kibandani yuko Nzioka na mwenye duka kutoka Nairobi, mnunuzi mkubwa, anataka vigoda vya kujaza lori. Kodi ya vibanda vyote viwili, mishahara, karo ya watoto, vyote viko mdomoni mwa mtu huyo. Na mtu huyo ameshika kigoda, anaikagua alama.

"Hii chapa, mwingine anayo?"

"Hakuna," Nzioka akajibu. "Duniani ni yangu peke yangu."

"Maana mwingine akiwa nayo, mimi sinunui."

"Ni yangu peke yangu."

Wakati huo huo akafika mzee mmoja mwenye koti refu, ametoka Yatta, viatu vimejaa vumbi jekundu. Mzee Nzau. Baba mdogo. Alikuwa hajakiona kibanda cha Ruiru. Aliona mwanawe ana mgeni, hakutaka kumkatiza kazi, ni adabu. Akainama, akageuza kigoda. Akaona upinde. Kamene alikuwepo, na anasema mzee alitabasamu, akaipitishia alama kidole kama anayemfuta mtoto uso. Akakiweka kigoda kwapani, akatafuta kivuli akakae amngoje.

Hakufika kivulini. Askari alimshika koti.

"Wewe mzee! Umelipa?"

"Nilipe nini? Hiki ni chetu."

Soko likageuka. Askari akamvuta mpaka kibandani, akainua kigoda juu. "Fundi, mzee huyu anasema alama hii ni ya kwao. Alama hii ni ya nani?"

Wasikilizaji wapendwa, swali lilikuwa fupi. Alama hii ni ya nani. Upande huu mnunuzi na lori lake. Upande huu mtu aliyempa tezo.

Nzioka akatazama chini. "Ni yangu," akasema. "Ni ya biashara."

Mzee Nzau hakubisha. Hakumwambia askari, huyu ni mwanangu. Angesema, Nzioka angeonekana mwongo mbele ya soko zima. Alikiweka kigoda chini polepole, kikiwa kimesimama sawa kwa miguu yake mitatu, akasema, "Kama ni ya biashara, basi nimeiba."

Akapelekwa kituoni. Kamene alitupa leso kichwani akakimbia nyuma yao, akilia kwa sauti. Nzioka alibaki akihesabu vigoda na mnunuzi. Aliviingiza vyote katika lori. Alipokea pesa zote. Barasa, ambaye huhesabu kila kitu, aliniambia hivi: "Pesa zile nilizitia mkebeni mimi, na sikuzihesabu."

Jioni ile Nzioka aliingia kituoni. Akamkuta baba yake mdogo amenyang'anywa mshipi na koti, amekaa sakafuni, juu ya saruji. Mzee wa vigoda. Juu ya saruji.

Nzioka akamwambia askari wa zamu, "Mwachilieni. Nimemsamehe."

Kamene anasema neno hilo ndilo lililomaliza kila kitu. Mzee aliinuka kwa kushika ukuta, akajifunga mshipi. Akamtazama Nzioka bila hasira. "Umenisamehe? Haya. Ahsante, mwenye duka."

Mwenye duka. Tangu azaliwe alimwita mwanangu. Kuanzia siku ile, mwenye duka.

Nzioka alirudi kibandani akachukua patasi. Alifuta upinde kwenye kila kigoda kilichobaki Ruiru, kisha Thika. Mahali pake akachoma jina lake kwa herufi. Wateja hawakujali hata kidogo, waliendelea kununua. Fikirini hilo. Chapa iliyomfanya amwuze baba yake haikuwa na kazi yoyote. Biashara ilisimama, mikebe ilijaa, hesabu zilikuwa safi kuliko za kanisa. Alikwenda Yatta na mbuzi, na wazee wa ukoo, akaomba radhi. Mzee Nzau alimpokea vizuri, akampa uji, akamwuliza, "Na biashara inaendaje, mwenye duka?"

Kisha mzee akaanza kuwa mteja. Hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu, ingawa mwenyewe hakuiita hivyo. Alikuja Thika akitaka mwiko. Nzioka akasema, "Baba, chukua, tafadhali." Mzee akasema, "Bei ni moja, nimesikia." Alilipa. Akataka mpini wa jembe, akatanguliza arbuni, akapanga foleni nyuma ya watu. Kila mara alilipa. Kila mara Nzioka alipokea pesa za mzee yule huku masikio yakimwaka, na hakuzitia mkebe wowote. Alizifunga kwenye kitambaa. Kamene amenionyesha kitambaa hicho. Sikuuliza ni kiasi gani. Hata mimi nina mipaka.

Na kigoda chake mwenyewe, kile alichokalia kila siku, Nzioka hakukichoma alama yoyote. Kamene alimwuliza kwa nini. Alisema, "Sijapewa."

Sasa mazishi. Nilikuwepo. Jeneza lilichongwa na mafundi wake wawili, mti mzuri, halina msumari. Mzee Nzau alifika akiwa na koti lile lile. Akalizunguka jeneza. Akapapasa viungo vyake kama fundi. Kisha akatoa pesa mfukoni, akamwuliza Kamene mbele ya watu wote, "Hili ni bei gani?"

Watu waliinama. Barasa aligeukia ukuta. Mimi, mwenye mdomo huu, nilitazama viatu vyangu.

Kamene alisimama mbele yake akasema, "Baba, hapa hakuna duka. Mwenye duka amekwenda. Aliyelala humu ni mtoto wako, na tunakuomba usimlipie."

Mzee alizitazama pesa mkononi. Halafu akazirudisha mfukoni. Kutoka mfuko mwingine akatoa kipande cha chuma, cheusi, kikongwe.

"Kama hamchukui pesa," akasema, "nileteeni moto. Nimtie mwanangu alama."

Akauchoma upinde na nukta zake mbili upande wa ndani wa kifuniko, mahali ambapo hakuna mnunuzi atakayeuona.

Wasikilizaji wapendwa, Nzioka hakulisikia neno lile, mwanangu. Miaka minne alilingoja, likafika limechelewa. Tunawapa pole Mama Kamene na watoto, Bwana Barasa, mafundi wa Thika na Ruiru, na wewe Mzee Nzau, kama kuna redio karibu nawe huko Yatta. Mungu awafariji.

Nanyi wenye maduka, wenye vibanda, wenye mikebe: endeleeni kuweka bei, msione haya kuitaja. Lakini kama yuko mtu mmoja aliyepaswa kukuita mwanangu na sasa anakulipa bila kupunguziwa, nenda kwake angali anakusikia. Nenda na kigoda. Mkalishe kwanza, ndipo useme.

Sasa nazima kinasa sauti hiki, na nadhani nitasimama kidogo.