Benilde Ferreras Alonso na Mkia wa Wimbo wa Maziko

Tarehe 22 Februari 1944 Benilde Ferreras Alonso alibatizwa katika kanisa hili la Valdecuerna, mkoani León. Kitabu cha ubatizo cha parokia kinathibitisha hivyo. Siku aliyozaliwa haina uthibitisho kama huo. Mama yake, marehemu Asunción, alishikilia kuwa ilikuwa tarehe 19. Baba yake, marehemu Gaudencio, alisema ni tarehe 20, kwa kuwa mkunga alicheleweshwa na theluji na mtoto hakumsubiri. Walibishana hadi uzeeni. Walikubaliana jambo moja tu, kwamba huyo mtoto hakujua kungoja.

Alisoma shule ya kijiji hadi mwaka 1954, kisha akapelekwa bweni kwa masista mjini León, ambako alikumbukwa kwa kuinuka mezani kabla supu ya vitunguu saumu haijapoa. Mwaka 1962 alijiunga na Chuo Kikuu cha Salamanca kusomea historia, akahitimu 1967. Huko ndiko alikokutana na vitabu vya ngozi vya ibada ya kale ya Hispania, ile iliyotumika kabla ya ibada ya Kirumi kushika nafasi yake mwishoni mwa karne ya kumi na moja. Juu ya maneno ya nyimbo, waandishi wa vitabu hivyo walichora alama ndogondogo bila mistari. Alama zinaonyesha mahali sauti inapopanda na inaposhuka. Hazisemi inaanzia wapi wala inapanda kiasi gani. Benilde alizoea kuwaambia wageni kwamba ni kama kuelekezwa nyumba ya mtu kwa kuambiwa panda, shuka, panda tena, na mwelekezaji hajakuonyesha barabara.

Kuanzia mwaka 1968 hadi alipostaafu 2009 alifanya kazi katika hifadhi ya nyaraka ya kanisa kuu la León. Kabla ya kugusa kitabu alinawa mikono, akaikausha dirishani, na akiwa anasoma kidole chake kiligonga meza bila yeye kujua, hata wenzake wakaomba ahamishiwe chumba cha peke yake. Mwaka 1970, katika kitabu cha sala za maziko, alikuta maneno aliyoyajua tangu utotoni. Ni maneno yaleyale ambayo wanawake wa Valdecuerna waliyaimba penye kaburi. Juu ya neno la mwisho, neno la nuru, palikuwa na safu ndefu ya alama juu ya silabi moja. Safu hiyo aliiita mkia.

Kijiji kilikuwa kimeacha kuuimba wimbo huo tangu ibada ilipoacha Kilatini. Aliyeujua wote alibaki mmoja, Urbana Criado, ambaye watu wote walimwita Shangazi Urbana, na ambaye kwa miaka mingi aliwaongoza wanawake makaburini. Tarehe 3 Oktoba 1971 Benilde aliingia jikoni kwake na kinasa sauti. Utepe huo upo, na umesikilizwa upya kwa ajili ya wasifu huu. Shangazi Urbana anaimba kwa sauti kavu, bila kusita, mpaka kwenye nuru. Hapo anakwama.

"Hapa pamenitoka, mwanangu. Ulikuwa unapanda, halafu sijui ulikuwa unakwenda wapi."

Kisha inasikika sauti ya pili, changa. Ni Benilde, anauimba mkia kwa sauti ya chini kama alivyoukisia kutoka kwenye zile alama. Kijiko kinagonga sufuria.

"Ee, hivyohivyo," anasema Shangazi Urbana. "Kumbe unaujua mwenyewe, mbona unanisumbua na kimashine chako?" Na anauimba wote, mkia na yote, na Benilde anasikika akicheka kwa furaha.

Furaha hiyo haikufika Krismasi. Kila anayeingia kazi hii hufundishwa siku ya kwanza kwamba shahidi hatiwi neno kinywani, na Benilde alikuwa amefundishwa. Je, bibi yule alikumbuka, au alirudisha tu alichopewa? Alikusudia kurudi majira ya kuchipua ili amsikilize upya, safari hii yeye mwenyewe akiwa kimya. Shangazi Urbana alifariki Januari 1972. Tangu hapo Benilde alitafuta kitu kimoja, mtu aliyeusikia mkia kabla ya siku ile.

Tarehe 17 Mei 1975 alifunga ndoa na Eutiquio Lobato, daktari wa mifugo kutoka Astorga, aliye nasi leo. Safari ya fungate ilikuwa ya kwenda baharini. Walikawia siku mbili katika mji usio na bahari, kwa sababu Benilde alisikia kwamba ofisi moja ya huko ilikuwa na madaftari yaliyojalidiwa kwa kurasa za vitabu vya nyimbo vilivyokatwakatwa. Eutiquio alimuuliza mlangoni kama alikuwa ameoa mtu mmoja au amechukua na watawa waliokufa. Benilde alimjibu kwamba watawa hawali sana. Mwaka 1978 walijaliwa binti, Leocadia. Familia inakumbuka mwaka ambao nguruwe alichinjwa, damu ya kutengenezea soseji ikawa inakorogwa sufuriani, na Benilde akamkabidhi Leocadia mwiko, akavuka milima kumfuata mzee aliyeambiwa kuwa bado ana kumbukumbu. Mzee huyo alikumbuka wimbo wa jeshini.

Wakati huohuo kijiji hakikungoja. Wanawake walijifunza wimbo kutoka kwenye nakala ya utepe, wakaanza tena kuuimba makaburini, na mwaka 1988 mwenyekiti wa kijiji, marehemu Amancio, alitaka kuweka kwenye lango la makaburi jiwe lenye maandishi "Wimbo wa Miaka Elfu". Benilde alisimama mkutanoni akaeleza mbele ya wote kilichotokea jikoni. Aliomba jiwe liseme kwamba umri wa wimbo haujulikani.

"Jiwe la kusema haijulikani?" alisema Amancio. "Hayo tunayo kule nyuma, yamefutika majina yote. We Benilde, watu wa Madrid wanakuja kutupiga picha, wewe unakuja kutuzimia taa."

"Wakija, waambieni mimi ndiye niliyeharibu."

"Tutawaambia. Ila uimbe nasi kwanza."

Hakuimba, na jiwe halikuwekwa. Baadhi ya watu hawakumsalimia kwa miaka miwili. Makala aliyokuwa ameahidi jarida la wataalamu aliiondoa mwenyewe, na hakuichapisha kamwe.

Mwezi Agosti 1996 alisafiri hadi Rosario, Argentina, kumwona Tirso Cabero, mzaliwa wa hapa aliyeondoka mwaka 1951 akiwa kijana wa miaka kumi na tisa na hakurudi. Safari hii Benilde alikaa na kiganja mdomoni, hata Tirso akamuuliza kama anaumwa jino. Tirso aliimba. Alianza palepale alipoanzia Shangazi Urbana, akapita njia ileile, akafika kwenye nuru, akanyamaza. Benilde hakuondoa kiganja. Utepe unazunguka muda mrefu.

"Hapo pa mwisho sipajui, dada," alisema Tirso. "Wanawake wakifika kwenye nuru, sisi wanaume ndipo tunaposhika mabeleshi. Baba yangu nilimfukia hivyo. Nilichosikia ni udongo."

Benilde alimuuliza kama wanawake walikuwa bado wanaimba.

"Midomo ilikuwa inacheza."

Aliporudi kijijini Benilde alitaka kujua ni nani aliyewafundisha vijana wa sasa kuanza kufukia wanawake wafikapo kwenye nuru. Hakuna aliyewafundisha. Kila mmoja alisema alimwona baba yake. Tangu wimbo uliporejea, mkia ulikuwa umeimbwa katika kila maziko ya Valdecuerna, yakiwemo ya mama yake mwaka 1990, na hakuna mtu aliyeusikia.

Mwaka 2019 madaktari waligundua kwamba mapafu yake yalikuwa yanakakamaa. Alipewa mtungi wa hewa, akaufungia magurudumu ya kikapu cha sokoni ili asikae. Hata aliposhindwa kutembea aliendelea kupiga simu kwa watoto wa waliohamia Uswisi na Ubelgiji, akikatizwa na kikohozi. Juma la mwisho hospitalini mjini León alitaka kitanda kisogezwe dirishani, kisha kirudishwe, kisha dirishani tena. Siku moja alimwomba mumewe kwamba maziko yake yawe kama ya wengine wote, isipokuwa wanaume waache mabeleshi chini mpaka mkia uishe.

Eutiquio alimuuliza, "Na kama ule mkia ni wako mwenyewe?"

"Basi si ni maziko yangu?"

Alifariki tarehe 11 Januari 2022, saa mbili asubuhi, mume na binti yake wakiwa kando yake.

Ameacha mume, Eutiquio. Binti, Leocadia, na mkwe, Ginés. Wajukuu wawili, Aldonza na Tello. Kaka yake, Honorino. Na wapwa, mmoja wao akiwa ndiye anayesoma maneno haya. Familia inawaomba wanaume watakaobeba mabeleshi wayalaze kwenye nyasi, na wasiyashike mpaka sauti ya mwisho ya wanawake ikatike. Yeye ambaye hakujua kungoja, Mungu amjalie sasa utulivu katika nuru ile.

Mtakachokisikia baada ya neno hilo huenda ni cha wanawake walioimba hapa miaka elfu iliyopita, huenda kilianza jikoni kwa Shangazi Urbana tarehe 3 Oktoba 1971. Haijulikani.