Basi Halisimami Tena Darajani

Tangu mwezi huu basi la reli la Tukuyu halisimami tena darajani. Linasimama sokoni Kiwira tu. Huku kwetu shirika la reli halina njia ya chuma, lina mabasi, na tumeshazoea.

Leo ndani ya basi, kiti cha mbele yangu, mzee mmoja, Asukile, alikuwa akimlalamikia mama wa Iringa aliyekaa naye.

"Darajani kuna migomba. Mke wa mwanangu alikuwa akiniwekea ndizi za kuchoma juu ya jiwe, kisha anajificha. Sisi Wanyakyusa, mwanamke na baba mkwe wake hawaonani. Sokoni atajificha wapi?"

"Baba, si ushuke tu msalimiane? Kwani hamsali?"

"Tunasali kanisa moja. Yeye hukaa nyuma ya nguzo."

Mama alicheka, akaona mzee hacheki.

"Mwanangu yuko migodini kusini," mzee akasema. "Mjukuu amezaliwa, sijamtia machoni. Nitamwonaje bila kumwona mama yake?"

"Mimi ningeivunja mila hiyo leo hii."

"Ile ni heshima yake, mama. Nikiivunja, nimemvunjia yeye."

Walikuwa bado wanabishana basi liliposimama sokoni. Karibu na dirisha lao mwanamke kijana alisimama, kapu la ndizi miguuni, ameligeuzia basi mgongo. Mzee akainamisha kichwa haraka.

Bila kugeuka, mwanamke akateremsha kanga mgongoni. Kichwa kidogo kikachomoza.

"Baba," mama akanong'ona, "tazama. Ni mtoto tu."

Mzee akainua macho, akavua kofia.