Ukuta wa Ukumbi: Kumuaga Fundi Rasto Mukhwana

Fundi Rasto Mukhwana anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kukipaka rangi chuo chetu hapa Tororo kwa miaka ishirini na minane na miezi minne. Mimi Caro, mtunza stoo, ndiye niliyemtolea makopo kwa miaka mingi, hivyo nimepewa kazi ya kuandika haya. Nimeshawaandikia wastaafu sita bila taabu. Huyu wa saba amenivuruga kichwa.

Alianza Julai 1997, akitokea Busia upande wa Kenya, na hadi leo hulala kwake hukohuko. Askari wa mpakani humtambua kwa mbali kwa ovaroli lake lenye madoa ya kila rangi iliyowahi kuletwa chuoni. Mwaka aliponunua ovaroli jipya walimsimamisha, wakadai kitambulisho kama kwa mgeni.

Mabweni, jiko na zahanati ni kazi ya mkono wake. Zahanati aliipaka mwaka 2009 na kuta zake ziko vilevile. Kwanza hukwangua, kisha hupiga msasa, hufuta vumbi na kungoja plasta ikauke, ndipo afungue kopo. Ukimharakisha, huketi juu ya kopo na kumenya karanga mpaka uondoke.

Kuta zake zote zimeshika rangi, isipokuwa ukuta wa nyuma ya jukwaa la ukumbi. Huo rangi haikuwahi kuushika. Ameupaka mara tisa. Mwanzoni tulisema ni unyevu. Baadaye tukalaumu paa, na mabati ya upande ule yakabadilishwa yote. Rangi ilipobanduka tena tukawageukia wanafunzi wanaouegemea. Mzee alitikisa kichwa pamoja nasi.

Mwaka jana aliumwa mgongo, na ukuta ukapewa msaidizi wake Alaso, aliyeajiriwa kwa majaribio. Kufikia mvua za Septemba rangi ilikuwa inaning'inia vipande vipande, na Alaso akapewa barua ya onyo. Mpaka leo hajathibitishwa kazini, na uamuzi unatolewa Jumatatu ijayo.

Jumatatu ya wiki hii Mzee alikuja stoo. Nilikuwa nimemwekea makopo manne ya rangi ya krimu ili ukumbi upendeze siku yake. Hakuyagusa. Alichukua skrepa mbili, brashi ya waya na msasa, akaenda kuukwangua ukuta mzima. Siku nne kabla ya sherehe! Nilidhani uzee umemwingia. Alaso alisimama mlangoni, machozi yakimlengalenga.

“Mzee, sasa rangi yangu unatoa yote. Mimi nakosa wapi?”

Mzee alimwita karibu, akaokota kipande cha rangi kinene kama chapati, akakigeuza na kupitisha kidole nyuma yake. Kidole kikatoka cheupe.

“Hii ni chokaa,” akasema. “Niliikuta ninety-seven. Wageni walikuwa wanakuja Jumapili, nikaona kukwangua ni kazi ya wiki mzima, nikapiga rangi ya mafuta juu yake. Chokaa haishiki rangi. Tangu hapo kila mtu amepaka juu ya hiyo makosa yangu, hata mimi mwenyewe.” Kisha akanigeukia. “Caro, andika hivyo kwa karatasi yangu. Ukiacha hiyo, usiandike ingine.”

Basi nimechanganyikiwa. Mtu huyuhuyu aliyekataa kuharakishwa na yeyote, kumbe aliharakishwa siku moja akanyamaza miaka yote hii. Aliona mabati yasiyo na kosa yakishushwa. Aliiona barua ya Alaso. Nilipomuuliza kwa nini, alisema tu kwamba aliona aibu, na kila mwaka aibu ikazidi kuwa ngumu kuitamka. Nimemkasirikia tangu Jumatatu, na jana nilimpelekea chai mwenyewe nikamshikia na ngazi. Sijui lipi kati ya hayo lilikuwa sahihi.

Ndiyo sababu leo mmeketi mbele ya plasta tupu. Msitafute mapambo. Imeoshwa, itaachwa wiki tatu ikauke, kisha ipakwe praima, ile rangi ya msingi, na juu yake rangi mara mbili. Alaso anaijua kazi hiyo.

Fundi Rasto, asante kwa kuta zote zilizoshika, na asante, kwa uchungu kidogo, kwa huu uliotuachia wazi. Nenda salama kwako Busia, mgongo upone, uishi miaka mingi pasipo mtu wa kukuharakisha.

Kwa desturi yetu Mkuu wa chuo ndiye huyasoma haya kwa sauti, na kila aliye ukumbini ana nakala yake, kwa hiyo hakuna mstari wa kurukwa. Mkuu, Alaso yuko safu ya tatu. Barua yake ya onyo ina sahihi yako. Tafadhali, usiketi kwanza.