Karibu Mheshimiwa Kiguru

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao mbele ya duka la vipuri vya baiskeli, na muuza kahawa na birika lake pembeni. Asubuhi ile hakuna aliyecheka. Juu yetu, toka nguzo hadi nguzo, kilining'inia kitambaa kipya: KARIBU MHESHIMIWA KIGURU. Kiguru ni mtu mwenye mguu mbovu, na ndivyo tulivyomwita mkuu mpya wa mkoa tangu aliposhuka garini akichechemea. Mchora mabango, mgeni hapa mjini, alilisikia benchini kwetu akadhani ni jina la ukoo. Sasa alikaa katikati yetu, vidole vyekundu kwa rangi. Msafara wa mkuu ulikuwa njiani.

— Nimekwisha, kaka zangu. Yule aliyemwigiza mwendo pale sokoni hajarudi kwao mpaka leo.

— Tulia, mdogo wangu, akasema Chongo, fundi viatu mwenye jicho moja. Watawala wa kale walijivunia majina hayo. Wajina wangu mmoja, akilala, lile jicho bovu ndilo lililolinda mlango!

— Hiyo cha mtoto, akadakia Kibogoyo, kinyozi asiye na meno ya mbele. Kulikuwa na kiwete aliyeamuru nchi nzima ichechemee. Askari wakachechemea, mbuzi wakachechemea.

— Na asiyechechemea? akauliza mchoraji.

— Alivunjwa mguu. Lakini wahenga wamesema, hujafa hujaumbika. Maana yake bado una muda.

— Maana yake siyo hiyo, we kinyozi! akapinga Chongo.

— Mzee Sahihi, hebu mtulize huyu mchoraji.

Wananiita hivyo kwa kuwa mimi husahihisha majina ya watu. Nikasema:

— Shuleni tulikaririshwa wafalme wa mbali: Kipofu, Kigugumizi, Mwenye Ukoma.

— Unaona? Hawakukasirika!

— Wengi waliandikwa hivyo walipokwisha kufa.

Muuza kahawa akaacha kumimina.

— Tukishushe, akanong'ona Chongo.

— Ukikishusha umesema hakaribishwi, akajibu Kibogoyo. Hapo ndipo utakapoijua jela.

Mke wa mchoraji akatokea mbio, ngazi begani, kopo la rangi mkononi.

— Kulifuta si kazi, shemeji zangu. Nitajieni tu niandike: jina lake hasa ni nani?

Redioni walimwita Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa. Sisi tulimwita lile jingine.

— Mzee Sahihi?

Nikatazama ndani ya kikombe changu.

— Basi mume wangu akiulizwa hili Kiguru kalitoa kwa nani, atamtaja nani? Maana hata nyinyi majina yenu siyajui, ila hayo ya Chongo na Kibogoyo.

Chongo akaanza kufunga sanduku lake la viatu. King'ora kikalia upande wa daraja. Yule mama alikwisha kupanda ngazi, brashi ikidondosha rangi juu ya benchi letu, akatugeukia, akingoja.