Mwanamke Mwenye Kofia Pana

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mzee Kinanda, aliyetutoka Jumanne. Mzee Kinanda alikuwa akipiga piano ukumbini, filamu za kimya zikionyeshwa. Filamu zile hazina sauti hata chembe. Sauti yote ilitoka vidoleni mwake, na muziki wote aliutunga mwenyewe.

Kila mhusika alimtungia wimbo wake. Jambazi alikuwa na wake, hata farasi alikuwa na wake. Lakini wimbo mtamu kuliko zote alimpa mwanamke mmoja wa kwenye filamu, yule mwenye kofia pana, anayemngoja mchumba wake stesheni. Aliutunga kwa miezi mitatu, akiurudiarudia sebuleni huku mkewe akipiga pasi.

Mkewe roho ikamuuma. Aliniambia bila kuficha: "Mwanangu, nilimwonea wivu mimi! Mwanamke hasemi, hapiki, hazeeki. Mimi nimezaa na Mzee watoto wanne, sijatungiwa hata mlio wa kengele!"

Basi, Mzee akapofuka. Alipofuka macho, wasikilizaji wapendwa, lakini piano hakuiacha. Mkewe akawa anakaa kando yake, akimnong'oneza kinachoonekana. "Farasi huyo. Jambazi kaingia." Siku moja yule mwenye kofia akatokea. Mama huyo, mkewe, akakunja uso, akanong'ona: "Farasi bado anakimbia."

Mwanamke analia stesheni, piano inakimbiza farasi! Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama akatamani ardhi immeze.

Njiani kurudi nyumbani Mzee akamwambia, "Mke wangu, filamu ile ninayo yote kichwani. Nilijua katokea."

"Sasa mbona ulipiga farasi?"

"Macho yangu ni wewe. Ukisema hayupo, hayupo."

Tangu siku hiyo Mama hakumruka tena yule mwenye kofia. "Ila nilimtaja nimenuna," aliniambia.

Juzi, baada ya mazishi, meneja wa ukumbi alikwenda kutoa pole. Akasema wamepata mpiga piano mwingine, hodari, na wanaomba daftari la nyimbo. Mama akalileta. Kabla ya kulitoa, akachana kurasa za yule mwenye kofia, akazikunja, akazitia kifuani.

"Huyo wenu atunge wa kwake," akasema. "Yule mwanamke ni wa mume wangu."

Mama, pamoja na watoto wote wanne, poleni sana. Nasi tuliobaki tujiulize: yule unayempenda hadi kuona wivu, ndani ya nyumba yako, umewahi kumwambia? Mwambie angali anasikia.